SWALI KABLA YA SINDANO
Somo kutoka kitengo cha tiba ya nyuklia

Mimi ni mwanachama wa zamani wa chama hiki cha Kiswahili. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mwekahazina wa chama, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafuata wanachama kwa ajili ya shilingi kumi kumi, nao wakiniona wanapitia nyuma ya maktaba. Siku hizi nafanya kazi hospitalini, katika kitengo ambacho hata majirani zangu hawajui kukitaja. Mlezi wa chama aliponiomba makala ya jarida hili alisema, "Tuletee somo, si hotuba." Basi hili ni somo. Lina sayansi kidogo, hesabu kidogo, Kiswahili, na kosa moja ambalo nililitenda mimi mwenyewe.

KAZI YENYEWE NI GANI?

Nikisema nafanya kazi katika tiba ya nyuklia, watu hufikiria mambo mawili: bomu au eksirei. Bomu tuliweke kando, halihusiki. Eksirei ni jirani yetu, ila hatufanani.

Katika eksirei, mashine ndiyo inayotoa mionzi. Mionzi hupita mwilini, kivuli cha mifupa kikabaki kwenye picha. Mashine ikizimwa, mambo yamekwisha. Kwetu ni kinyume. Mgonjwa hudungwa au humezeshwa dawa yenye mionzi kidogo. Dawa husafiri hadi kwenye kiungo tunachotaka kukichunguza, na kutoka hapo mgonjwa mwenyewe ndiye anayetoa mionzi. Kamera yetu, iitwayo kamera ya gama, haitoi chochote. Kazi yake ni kupokea tu. Ndani yake mna fuwele kubwa inayometa kila inapoguswa na mionzi, na tarakilishi hukusanya mimeto hiyo ikaifanya picha. Aliyebuni kamera ya namna hii ni Hal Anger, huko California, mnamo miaka ya 1950.

Kwa hiyo eksirei huonyesha umbo la kiungo, nasi huonyesha kazi yake. Figo mbili zaweza kufanana kama mapacha, kumbe moja inachuja mkojo na nyingine imelala fofofo. Picha yetu ndiyo itakayomfichua mvivu.

Kila kiungo kina chakula akipendacho. Mifupa hupenda fosfati. Tezi ya shingo, yaani thairoidi, hupenda iodini. Sisi huichukua chembe yenye mionzi tukaifunga kwenye chakula hicho, na mwili huipeleka wenyewe mahali panapotakiwa.

NG'OMBE ANAYEKAMWA ASUBUHI

Chembe tunayoitumia zaidi ni ya teknetiamu. Elementi hii iligunduliwa mwaka 1937 nchini Italia na Carlo Perrier na Emilio Segrè, na jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichotengenezwa. Aina tuitumiayo ina nusu-uhai wa saa 6. Nusu-uhai ni muda ambao nguvu ya mionzi hupungua ikabaki nusu.

Hapa saa yetu ya Kiswahili hunifurahisha. Tuseme saa mbili asubuhi nina chupa yenye nguvu ya megabekereli 8,000 (kipimo hiki kimepewa jina la Henri Becquerel, aliyegundua mionzi hii mwaka 1896). Saa nane mchana zitabaki 4,000. Saa mbili usiku, 2,000. Saa nane usiku, 1,000. Na kesho yake saa mbili asubuhi, 500 tu. Mbili, nane, mbili, nane: ukiijua saa ya nyanya yako, umeshaijua nusu-uhai ya teknetiamu.

Sasa mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa inakwisha upesi hivyo, inawezaje kutoka ng'ambo ikafika Nairobi? Jibu ni kwamba haiji yenyewe. Anayekuja ni mama yake, molibdenamu, ambaye nusu-uhai wake ni saa 66. Mama hufungiwa ndani ya chombo kizito chenye ukubwa wa ndoo hivi, na humo ndani anazaa teknetiamu polepole. Asubuhi napitisha maji ya chumvi katika chombo; maji hutoka na teknetiamu, mama akabaki ndani. Kesho asubuhi mtoto amezaliwa tena. Watu wa kazi yetu ulimwenguni humwita mtambo huo ng'ombe, na kuutoa teknetiamu ni kukama. Huu si utani wangu. Mimi niliyekimbia kukama ng'ombe wa nyumbani nikiwa msichana, leo nalipwa mshahara kwa kukama.

Lakini ng'ombe huyu naye anazeeka. Kila siku ipitayo hupoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake, na baada ya wiki moja au mbili hana budi kubadilishwa. Vinu vya nyuklia vinavyotengeneza molibdenamu duniani ni vichache mno, kwa mfano kile cha Petten nchini Uholanzi na kile cha Pelindaba nchini Afrika Kusini. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kinu cha Chalk River nchini Kanada kilisimama, na cha Petten kikasimama pia, na hospitali nyingi duniani zikakosa maziwa. Hata leo ndege ikichelewa siku mbili, mimi ndiye ninayetoka nje kumwambia mzee aliyesafiri usiku kucha kutoka Kisii arudi wiki ijayo. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Ila wahenga hawakupata kukama teknetiamu.

NGAO TATU

Je, mionzi hiyo haitudhuru sisi wafanyakazi? Ikichezewa, hudhuru. Kwa hiyo tuna ngao tatu, na ukizikariri zitakusaidia hata katika mtihani wa Fizikia.

Ya kwanza ni muda. Ukikaa karibu na dawa dakika moja badala ya mbili, umepokea nusu. Ndiyo maana tunafanya mazoezi kwa maji matupu hadi mikono izoee.

Ya pili ni umbali. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi haipungui kuwa nusu, bali robo. Ukifika mita 3, hubaki moja ya tisa. Hatua moja ya nyuma ina thamani kuliko koti zito.

Ya tatu ni kizuizi. Chupa, sindano na meza zetu zimezingirwa kwa risasi, lile madini zito la kijivu.

Kifuani kila mmoja wetu huvaa beji ndogo inayoweka hesabu ya mionzi aliyopokea. Kiwango cha kimataifa cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na cha raia wa kawaida, ukiondoa matibabu yake mwenyewe, ni 1. Ili usiogope tarakimu hizo, kumbuka kwamba ardhi, mawe, anga na chakula humpa kila mwanadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka hata kama hajakanyaga hospitali. Hapa Kenya mambo haya yana sheria yake ya mwaka 2019, na wakaguzi huja.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Katika wiki zangu za mwanzo alikuja mzee mmoja kupigwa picha ya mifupa. Nilimwona anatetemeka, nikataka kumtuliza. Nikamwambia, "Mzee, usijali. Dawa yako iko salama, imefungwa ndani ya risasi."

Mzee akasimama, akavaa kofia yake. "Msichana wangu," akasema, "mimi nimekuja kutibiwa. Sikuja kupigwa risasi."

Alikuwa ameshafika mlangoni kabla sijamwelewa. Kamusi ilikuwa upande wangu, lakini mgonjwa alikuwa anaondoka. Nilimkimbilia, nikamwonyesha chupa, nikamweleza kuwa ni madini mazito kama yale yaliyomo kwenye betri ya gari. "Aa! Ya betri! Si ungesema hivyo!" Akaketi, akanyoosha mkono. Baada ya sindano alikunywa maji mengi na kwenda haja mara kwa mara kama nilivyomwagiza, na baada ya saa 3 nikampiga picha safi kabisa.

Nilicheka siku hiyo, nikadhani nimejifunza kuchagua maneno. Kumbe somo lenyewe lilikuwa bado.

KOSA LANGU

Nilikuwa na miezi saba kazini. Hospitali siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu, si la jengo.

Asubuhi hiyo tulimngoja mwanamke kijana mwenye rovu, ambaye tezi yake ya shingo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Alikuwa amekonda, moyo unamwenda mbio, mikono haitulii. Daktari alikuwa ameagiza ameze kidonge cha iodini yenye mionzi. Hii si ya kupigia picha. Ni ya kutibu. Nusu-uhai wake ni siku 8. Tezi huila ikidhani ni iodini ya kawaida, na mionzi yake, ambayo haisafiri zaidi ya milimita chache mwilini, huziunguza seli zilizozidi. Tiba hii ilianza kutolewa mwaka 1941 mjini Boston na daktari Saul Hertz, na imewaponya watu wengi.

Ina sharti moja lisilo na mjadala: haipewi mjamzito. Mnamo wiki ya 10 hadi ya 12 tezi ya mtoto aliye tumboni huanza kuvuta iodini. Ukimpa mama kidonge, mtoto naye atakula. Tezi ya mama itatulia. Ya mtoto itaungua, na atazaliwa bila kitu ambacho ubongo wake unakihitaji ili ukue.

Nililijua jambo hilo. Nililijibu katika mtihani nikapata alama zote. Nikatoka na fomu mkononi hadi kwenye benchi la wagonjwa. Yule mwanamke alikuwa ameketi na mama mkwe wake, ambaye alikuwa amembebea mkoba na chupa ya uji. Nikasimama mbele yao na kuuliza kama karani wa kuhesabu watu:

"Dada, uko na mimba?"

Akaangalia sakafu. "Hapana."

Mama mkwe akacheka. "Angekuwa nayo, si mimi ndio ningejua wa kwanza?"

Nikacheka nao. Nikatia alama kwenye fomu. Ndani ya faili mlikuwa na karatasi ya kipimo cha mimba iliyosema hana. Sikuitazama tarehe. Nikarudi ndani, nikaweka kidonge tayari katika chungu chake cha risasi.

Msimamizi wetu, mama wa makamo tuliyemwita Madam, aliichukua fomu akaisoma. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, Madam. Amesema hapana."

"Alikuwa ameketi na nani?"

"Na mama mkwe wake."

Akaiweka fomu mezani. "Basi hujamuuliza. Ulimuuliza mama mkwe, na mama mkwe akakujibu."

Kisha akaniwekea kidole kwenye tarehe ya ile karatasi. Kipimo kilikuwa cha zaidi ya miezi miwili iliyopita.

Madam alimwita yule mwanamke peke yake katika chumba cha kubadilishia nguo, nami akaniambia niingie nisikilize. Alifunga mlango. Alimpa kiti, naye akaketi, hakusimama juu yake kama nilivyofanya mimi. Akasema polepole:

"Mama, hapa tuko sisi watatu tu, na neno la hapa halitoki. Swali hili namuuliza kila mwanamke, awe ameolewa, awe mwanafunzi, awe mtawa wa kanisa. Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?"

Yule dada alinyamaza. Nilisikia saa ya ukutani. Halafu machozi yakaanza.

"Sista, nimepoteza mbili," akasema. "Hizo mbili nilitangaza mapema, na kila mtu akajua. Hii nimeogopa kuisema. Hata mzee wangu sijamwambia. Nilidhani hiyo tembe ni ya shingo tu, haiwezi fika huko chini."

Kipimo kipya kilifanywa. Alikuwa na mimba, na daktari alikadiria wiki 10.

Kidonge kilirudishwa kwenye stoo yenye kuta nene, nguvu zake zikaanza kupungua huko gizani, siku 8 nusu, siku 8 nusu. Ilikuwa hasara ya fedha. Lakini nilipokitazama kile chungu, miguu yangu ilikosa nguvu. Kati ya kidonge na yule mtoto palikuwa na alama moja ya kalamu, na kalamu ilikuwa yangu.

Madam hakunigombeza. Alitoka nje, akamwambia mama mkwe, "Dawa ya leo haitatolewa. Daktari atamwona tena na kubadilisha matibabu." Basi. Hakuongeza neno, kwani siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Yule dada alianzishiwa vidonge vya kawaida ambavyo mjamzito huweza kutumia chini ya uangalizi wa daktari.

TUNAJIFUNZA NINI?

Methali yasema, mficha uchi hazai. Tulipoijadili hapo chamani zamani, nakumbuka tulimlaumu mfichaji kuanzia mwanzo wa insha hadi mwisho. Leo naiona tofauti. Yule dada hakuwa mwongo. Alificha ili apate kuzaa. Anayetaka kuambiwa ana wajibu wake: kufunga mlango, kuketi chini, na kuliuliza swali kwa namna ambayo jibu la kweli halitamwaibisha mwenye kujibu.

Tena tazameni maneno yenyewe. "Uko na mimba?" ni swali linalodai ndiyo au hapana, na mbele za watu hapana ndiyo njia ya mkato. "Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?" haliwezi kujibiwa kwa hapana. Linamfanya mtu ahesabu, na mtu akihesabu hukumbuka. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Mimi naongeza kwamba kuuliza vibaya ni ujinga wenye fomu.

Wanafunzi wenzangu wa jana, kama mnaitamani kazi hii, shikeni Fizikia, Baiolojia na Hisabati. Mimi nilipitia stashahada ya picha za kitabibu kwanza, ndipo nikajifunza mambo ya nyuklia. Lakini msikitupe Kiswahili mkidhani ni cha washairi tu. Mgonjwa anayetoka kijijini haji na kamusi ya sayansi. Anakuja na hofu, na lugha anayoijua ni ile aliyolelewa nayo. Mashine yetu ya mamilioni haiwezi kumuuliza lolote.

Namalizia. Mwaka mmoja na zaidi baadaye, mwanamke mmoja aliingia kitengoni, nyuma yake mama mkwe amembeba mgongoni mtoto wa kike mwenye mashavu ya kupendeza. Mtoto alikuwa ameshaachishwa kunyonya, kama inavyotakiwa, maana iodini hupita hata kwenye maziwa ya mama. Mama mkwe alitangaza kabla hajaulizwa, "Huyu mimi naondoka naye leo. Tunaenda kukaa kwa shangazi yake Machakos mpaka daktari aseme mama yake ako sawa." Alikuwa amefunzwa vizuri kwamba mgonjwa akimeza kidonge hiki hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa.

Nikachukua fomu yangu. Nikafungua kinywa. Yule dada akanishika mkono.

"Sista," akasema akitabasamu, "kabla hujaniuliza, twende kule ndani ufunge mlango."

ZOEZI

1. Mgonjwa ameandaliwa sindano ya teknetiamu yenye megabekereli 740 saa mbili asubuhi. Amechelewa kwenye matatu, akafika saa nane mchana. Imebaki nguvu kiasi gani? Je, ingekuwaje angefika saa mbili usiku?

2. Fundi amesimama mita 1 kutoka kwa mgonjwa aliyedungwa. Akisogea hadi mita 4, atapokea sehemu gani ya mionzi aliyokuwa akiipokea?

3. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "risasi" kwa maana mbili tofauti. Kisha tafuta maneno mengine matatu ya namna hiyo yanayoweza kumtia mgonjwa hofu.

4. "Mficha uchi hazai." Jadili methali hii ukizingatia wajibu wa anayeuliza na haki ya anayeulizwa.

Majibu mpeni mlezi wa chama. Na yule mwanachama ambaye bado ana deni la shilingi kumi za mwaka wangu, ajue kwamba deni halina nusu-uhai.